Siku mbili mjini Nantes: safari fupi kwenye mji ambao historia yake inagusa pwani ya Kongo

Kila mwaka, wakati wa likizo kubwa, kuko wazazi wanaotoka Bukavu, Goma ao Lubumbashi kwenda kuona watoto wao Ulaya. Mara nyingi safari inakuwa ya nyumba kwa nyumba: Liège kwa mtoto wa kwanza, Bruxelles kwa shemeji, Paris kwa binamu. Mwezi unaisha, mzazi anarudi na picha za sebule na za meza ya chakula. Halafu majirani wanauliza: « Sasa uliona nini kule? »

Siku mbili tu, Jumamosi (siku ya posho) na Jumapili, zinatosha kuona mji mmoja wa zamani wa Ufaransa na kuuelewa vizuri. Kwa Mkongomani, Nantes inafaa zaidi kuliko mingi. Si mji mkubwa sana: iko na wakaaji zaidi ya 300,000, na karibu vitu vyote vya kuona viko ndani ya mwendo wa miguu. Iko na ngome, kanisa kuu, mitaa ya zamani na mto. Tena ni mji uliotajirika na biashara ya watumwa, na leo unaonyesha jambo hilo wazi mbele ya wageni. Kati ya watu waliopakiwa ndani ya meli zake, maelfu walitolewa kwenye pwani ya Kongo.

Ndiyo maana safari hii inahitaji kutayarishwa. Asiyetayarisha ataona majumba mazuri na kupiga picha, basi. Anayejua atainua macho na kuona nani alilipa yale majumba.

Dosiye ya viza: kusema ukweli tangu mwanzo

Viza ya Schengen ya muda mfupi inaruhusu kukaa mpaka siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Viza moja inatosha kwa nchi zote za Schengen: aliyepewa viza na Ubelgiji anaweza kupanda treni kwenda Ufaransa bila kuomba ingine.

Lakini kuko kanuni moja ambayo watu wengi wanaikosea. Dosiye inawekwa kwa nchi ambako msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Mama atakayekaa wiki tatu Liège na siku mbili Nantes anaomba kwa Ubelgiji. Baba atakayelala siku nyingi kwa binti yake Paris anaomba kwa Ufaransa. Hakuna sababu ya kuficha zile siku mbili za matembezi. Programu inayoeleweka, pamoja na mahali pa kulala kila usiku, inasaidia dosiye. Karatasi ya hoteli ya uongo iliyonunuliwa kwa makomisioneri inaiharibu, na jina la mwombaji linabaki ndani ya kompyuta za viza.

Tangu Juni 2024 garama ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Makuta hayo hayarudishwi hata kama viza imekataliwa. Ombi linaweza kuwekwa mpaka miezi 6 mbele ya safari, na lisipite siku 15 kabla ya kuondoka. Wenye akili hawangojei siku za mwisho. Inaombwa pia bima ya safari inayofunika matunzo ya hospitali kwa kiasi cha euro 30,000 kwa uchache.

Kwa mtu atakayelala kwa ndugu huko Ufaransa, yule ndugu anapaswa kuomba « attestation d'accueil » kwenye mairie ya mahali anapoishi, na tembre yake ni euro 30. Kwa Ubelgiji, karatasi inayozoeleka ni ile ya « prise en charge », ambapo anayekaribisha anakubali kubeba garama za mgeni wake. Usiku wa Nantes, kama ni hoteli, uthibitisho wa hoteli unatosha.

Mambo mengine mawili ya kuchunga. Kwanza, kuangalia kama viza ni ya kuingia mara moja ao mara nyingi. Mwenye viza ya mara moja akitoka kwenda London, ambayo haiko ndani ya Schengen na inaomba viza yake, hatarudi tena Ufaransa kwa viza ile. Pili, karte ya njano ya chanjo ya homa ya manjano isibaki nyumbani: wakati wa kurudi Kongo inaombwa.

Treni: majina matatu ya Mkongomani

Kutoka Paris mpaka Nantes ni karibu kilometa 380. Kwa treni ya mwendo wa kasi, TGV, ni saa mbili na dakika kadhaa, kutoka stesheni ya Montparnasse. Anayetoka Ubelgiji, kama hakupata treni ya moja kwa moja, anafikia Paris kwenye stesheni ya Gare du Nord, na hapo watu wengi wanapotea. Gare du Nord na Montparnasse ziko mbali, upande huu na upande ule wa mji. Kamata metro ya laini ya 4: inaunganisha stesheni hizo mbili bila kubadilisha, karibu nusu saa. Kwa mtu mwenye valisi na mzazi mzee, afazali kuacha saa moja na nusu kati ya treni mbili.

Bei ya treni haiko sawa na ya basi ya Uvira, ambayo ni ile ile kila siku. Inapanda kadiri siku ya safari inavyokaribia. Tikiti iliyonunuliwa wiki nyingi mbele inaweza kuwa nusu ya ile iliyonunuliwa jana yake. Kuko pia Ouigo, treni za bei nafuu za kampuni ileile ya reli, SNCF, lakini kule valisi kubwa inalipiwa zaidi.

Tikiti inaandikwa jina. Hapa Wakongomani wako na shida yao ya pekee, ile ya nom, postnom na prénom. Mtoto ananunua tikiti na kuandika jina ambalo anamwita mama kila siku, kumbe ndani ya pasipoti kuko ingine. Kabla ya kulipa, fungua pasipoti na nakili majina sawa vile yalivyoandikwa humo. Na ile pasipoti isiachwe Liège « ili isipotee »: mgeni anatembea nayo, kwani polisi wanaweza kuikagua ndani ya treni ao stesheni.

Kufika, kulala, kutembea

Kwenye stesheni ya Nantes, toka kwa mlango wa Kaskazini. Mbele ya macho kuko Jardin des Plantes, bustani kubwa ya maua ambako kuingia ni bure. Kutoka hapo mpaka kwenye ngome ni mwendo wa miguu wa karibu dakika 10. Anayepata hoteli kati ya stesheni, ngome na kituo cha tramu cha Commerce hatakuwa na lazima ya teksi.

Nantes ndiyo ilirudisha tramu ndani ya miji ya Ufaransa, mwaka 1985, wakati miji mingi ilikuwa imeng'oa reli zake. Na kwa msafiri wa makuta kidogo kuko habari nzuri: tangu Aprili 2021, tramu na basi za mji, zinazoitwa leo Naolib, ni bure Jumamosi na Jumapili. Basi ya uwanja wa ndege haimo. Ni sababu ya kutosha ya kuchagua wikendi. Sababu ingine: jumba la makumbusho linafungwa Jumatatu nje ya miezi ya likizo kubwa.

Mvua haina msimu pale. Bahari ya Atlantiki iko kilometa karibu 50 tu, na mawingu yanapanda na mto Loire. Hata mwezi wa saba, mwavuli na viatu visivyoteleza ni vya lazima. Miezi ya tano mpaka ya tisa ndiyo mizuri: mchana mrefu, baridi kidogo. Julai na Agosti mji unaweka kazi za wasanii mitaani, na kuko mstari wa rangi ya kijani uliochorwa chini ambao mgeni anaufuata toka sehemu moja mpaka ingine bila kuuliza njia.

Jumamosi asubuhi: ngome ya watawala wa Bretagne

Kuanza saa tatu na nusu ya asubuhi kunatosha. Ngome ya Château des ducs de Bretagne ilianza kujengwa upya mwaka 1466 na François II, mtawala wa mwisho wa kiume wa Bretagne. Wakati ule Bretagne haikuwa Ufaransa: ilikuwa nchi yenye watawala wake. Binti yake Anne alizaliwa humo mwaka 1477. Aliolewa na mfalme wa Ufaransa, akafiwa, kisha mwaka 1499 akaolewa na mfalme aliyefuata, ndani ya kanisa dogo la ngome hiyo. Kwa njia ya ndoa hizo Bretagne iliingizwa ndani ya Ufaransa. Wazee wa kwetu wanaojua namna falme zilivyounganishwa kwa mahari hawatashangaa.

Kuingia kwenye uwanja wa ndani na kutembea juu ya kuta ni bure. Kulipa ni kwa kuingia ndani ya makumbusho ya historia ya mji, na watoto wa chini ya miaka 18 hawalipi. Yanaenea kwenye vyumba 32. Mtu hawezi kusoma vyote kwa asubuhi moja. Afazali apite haraka kwenye vyumba vya kwanza, asimame kidogo kwa habari ya Édit de Nantes, ile amri ya Aprili 1598 ambayo mfalme Henri IV aliwapa Waprotestanti haki ya kusali ndani ya nchi ya Wakatoliki, na ambayo Louis XIV aliifuta mwaka 1685. Kisha nguvu za miguu zibaki kwa vyumba vya karne ya 18.

Humo ndimo mambo yanabadilika. Kuko minyororo, hesabu za wafanyabiashara, vitambaa. Na kuko michoro ya rangi ya meli moja iliyoitwa La Marie-Séraphique.

Meli iliyokwenda Loango

Ilikuwa meli ya Nantes. Mchoro wake unaonyesha kila sakafu, moja juu ya ingine: chini mapipa ya maji na chakula, katikati watu. Wamechorwa mmoja mmoja, wamelazwa wakibanana, wanaume upande wao, wanawake na watoto upande wao. Maandishi ya wakati ule yanasema kepteni, jina lake Gaugy, alinunua watu mahali paitwapo Loango. Walikuwa zaidi ya 300.

Loango iko wapi? Ni kwenye pwani ya Congo-Brazzaville, karibu na mji wa leo wa Pointe-Noire. Ulikuwa ufalme mkubwa wa Wavili. Wafaransa walizoea kuita pwani ile yote « Angole », toka Loango kupitia Malembo na Cabinda mpaka ngambo ya mto Kongo. Watu waliouzwa pale hawakuwa wa pwani peke yao. Misafara iliwaleta kutoka ndani ya nchi, kupitia msitu wa Mayombe na kutoka Pool, pale Kinshasa na Brazzaville zinapotazamana leo. Mpaka pale Pool, wafanyabiashara Wabobangi waliwashusha watu kwa mitumbwi kutoka juu ya mto. Kwa hiyo kati ya wale waliochorwa kama magunia, kulikuwa watu waliotoka kwenye ardhi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Msomaji wa Maniema ao Tanganyika anajua historia ingine: ya Nyangwe na Kasongo, ya misafara iliyoelekea mashariki, kuvuka ziwa mpaka pwani ya Zanzibar. Nantes inaonyesha mlango ule mwingine, wa magharibi. Nchi ilikuwa inatobolewa pande mbili.

Biashara yenyewe ilikuwa ya pembe tatu. Meli inaondoka Nantes na vitambaa, bunduki, pombe na vyuma. Vitambaa vya rangi vilivyoitwa « indiennes », mababu wa vikwembe vya leo, vilitengenezwa hata Nantes kwenyewe. Kwenye pwani ya Afrika vitu hivyo vinabadilishwa na watu. Meli inavuka Atlantiki mpaka visiwa vya Antilles, zaidi sana Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Watu wanauzwa. Meli inarudi Nantes na sukari, kahawa, pamba na rangi ya indigo. Duara nzima inakula zaidi ya mwaka mmoja. Mchoro mwingine wa La Marie-Séraphique unaonyesha siku ya kufungua soko huko Cap-Français, katika safari ya 1772 na 1773: wanunuzi wamevaa vizuri juu ya meli, meza imetandikwa, na nyuma ya kizuizi watu wanangoja bei yao.

Toka mwisho wa karne ya 17 mpaka karne ya 19, Nantes ilituma zaidi ya safari 1,700 za namna hiyo. Ni zaidi ya 4 kati ya kila safari 10 za Ufaransa nzima. Hakuna bandari ingine ya Ufaransa iliyofikia hapo. Waliobebwa ni mamia ya maelfu ya watu.

Jumamosi mchana: kuinua macho

Ukitoka ngomeni, kanisa kuu la Saint-Pierre-et-Saint-Paul liko karibu kabisa. Lilianza kujengwa mwaka 1434 na kumalizika 1891, na ndani dari iko juu zaidi ya mita 37. Julai 2020 moto uliteketeza kinanda chake kikubwa, likafungwa kwa matengenezo ya miaka mingi mpaka lilipofunguliwa tena mwaka 2025. Humo kuko kaburi la François II na mke wake, lililochongwa kwa marmari: watu kutoka mbali wanakuja kuliona. Kuingia ni bure, lakini wakati wa misa watalii wanangoja.

Chakula cha mchana kinapatikana kwenye kartie Bouffay, mitaa myembamba ya zamani yenye nyumba za mbao na udongo. Galette ya ngano nyeusi, yenye yai na jibini ndani, inashibisha na si ya bei kali. Anayetaka kitu kitamu aombe « gâteau nantais »: keki ya lozi, sukari na rum. Rum na sukari zilitoka Antilles. Ile pembe tatu inaonekana mpaka ndani ya sahani.

Kisha kwenda Île Feydeau, dakika chache za miguu. Inaitwa kisiwa ingawa hakuna maji tena: mikono ya mto iliyoizunguka ilijazwa udongo katika miaka ya 1920 na 1930. Hapo ndipo wafanyabiashara na wenye meli walijenga majumba yao katika karne ya 18, juu ya mchanga, kwenye nguzo za mbao. Majumba mengine yameinama, na mtu anayesimama kwenye rue Kervégan anaona madirisha yasiyonyooka.

Inua macho. Juu ya milango na madirisha kuko nyuso za mawe, zinaitwa « mascarons ». Nyingine ni miungu ya bahari, nyingine ni wanyang'anyi wa baharini, nyingine ni wanawake wazuri. Na nyingine ni nyuso za Waafrika. Mwenye nyumba hakuona haya: aliweka juu ya mlango picha ya kile kilichomtajirisha. Watalii wengi wanapita chini yake na aiskrimu mkononi bila kuona kitu.

Mtaa huo huo ulizaa Jules Verne, mwandishi, mwaka 1828. Riwaya iliyomfanya ajulikane, Cinq semaines en ballon ya mwaka 1863, inaanzia Zanzibar: Wazungu watatu wanapanda puto na kuvuka Afrika yote mpaka upande wa Senegali.

Jumamosi jioni: ukumbusho ulio chini ya ardhi

Kutoka Feydeau, fuata mto kwenye quai de la Fosse. Hapo ndipo meli zilifungwa. Zamani kulikuwa vilindo vya bandari. Leo kuko njia pana ya kutembea. Ndani ya sakafu ya njia hiyo kumetiwa vipande 2,000 vya kioo. Vipande 1,710 viko na majina ya meli na tarehe za kuondoka. Vingine 290 vinataja mahali pa kununulia watu, pa kupumzikia na pa kuwauzia. Mkongomani akitembea polepole, akiangalia chini, atakutana na majina ya pwani yake.

Majina ya meli yenyewe yanaumiza. Mengi ni ya watakatifu, ya wanawake, ya maadili mema. Waliowapakia watu minyororo walikuwa wakisali.

Kisha ngazi zinashuka chini ya ardhi, sambamba na maji. Ndani, ukuta mrefu wa kioo unabeba maneno ya watu waliopigana na utumwa, na neno « uhuru » katika lugha nyingi za sehemu zilizoguswa na biashara ile. Kati ya saruji mto unaonekana, na maji yanasikika. Hakuna muziki, hakuna sanamu. Kuingia ni bure. Ukumbusho huu ulichorwa na Krzysztof Wodiczko na Julian Bonder, na ulifunguliwa tarehe 25 Machi 2012.

Haukuzaliwa bila ugomvi. Kwa muda mrefu mji ulinyamaza. Mwaka 1985 viongozi wa mji wa wakati ule walikataa kuunga mkono shuguli za kukumbuka historia hiyo. Toka mwaka 1992 mpaka 1994, maonyesho makubwa yaliyoitwa Les Anneaux de la mémoire yalifanyika ndani ya ngome na kufungua macho ya wengi. Mwaka 1998, miaka 150 baada ya Ufaransa kufuta utumwa, sanamu ya mtumwa aliyekata minyororo iliwekwa hapo kwenye quai. Siku chache baadaye watu waliivunja usiku. Mji ukajibu kwa kuamua kujenga kitu ambacho hakiwezi kuvunjwa kwa nyundo. Kwa upande wa nchi nzima, sheria ya tarehe 21 Mei 2001 inaita biashara ya watumwa na utumwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na kila tarehe 10 Mei ni siku ya kumbukumbu. Anayeweza kupanga safari yake karibu na tarehe hiyo atakuta sherehe.

Ng'ambo ya maji, mbele ya ukumbusho, linasimama jumba jeusi la mahakama. Daraja la miguu linalofika hapo limepewa jina la Victor Schœlcher, mtu aliyesukuma amri ya mwaka 1848 iliyofuta utumwa. Kwa hiyo kutoka kwenye majina ya meli mtu anavuka Schœlcher na kufika mbele ya haki. Familia yenye vijana inaweza kukaa pale juu ya daraja na kuongea. Maswali yatakuja yenyewe: nani aliuza? Nani alinunua? Nani alinyamaza?

Jumapili: mji unaoishi

Siku ya pili iwe nyepesi. Asubuhi, soko la Talensac limejaa: samaki wa bahari, mboga, jibini, mikate. Linafungwa Jumatatu. Hata asiyenunua kitu anafurahi kuona namna ya kupanga bidhaa.

Kutoka hapo kushuka mpaka Passage Pommeraye, njia ya maduka yenye paa la kioo, ngazi na sanamu, iliyofunguliwa mwaka 1843. Kupita ni bure. Kununua ndiko kunahitaji mkoba. Place Graslin na jumba lake la tamasha viko karibu. Anayependa biskiti azunguke mpaka mnara wa LU, karibu na ngome: ni alama ya kiwanda kilichoanza kutengeneza Petit-Beurre mwaka 1886, na kimekuwa nyumba ya utamaduni, Le Lieu unique.

Mchana, tramu mpaka Chantiers Navals. Hapa zamani walijenga meli. Kazi ilisimama mwaka 1987 na mafundi wakabaki bila ajira. Mji haukubomoa kila kitu. Tangu 2007, ndani ya mabanda hayo kuko Les Machines de l'île, na mnyama wake mashuhuri: tembo wa mbao na chuma, urefu wa mita 12, uzito wa tani 48, anatembea na abiria mgongoni na kurushia watoto maji kwa mkonga. Kumpanda kunalipiwa na nafasi zinaisha haraka. Kumwangalia akipita ni bure. Kwa watoto, hiyo ndiyo picha ya safari nzima.

Kama muda unabaki, kwenye Gare Maritime kuko bato ndogo ya Naolib inayovusha watu mpaka Trentemoult, kijiji cha zamani cha wavuvi chenye nyumba za rangi zote. Safari ni ya dakika chache. Aliyezoea bato za ziwa Kivu kati ya Goma na Bukavu atacheka udogo wake, lakini upepo ni mzuri, na kutoka katikati ya mto mji wote unaonekana.

Kuhesabu makuta

Orodha fupi inasaidia familia kupanga:

– Bure: uwanja na kuta za ngome, kanisa kuu, Feydeau, ukumbusho, Passage Pommeraye, Jardin des Plantes, tramu na basi za wikendi.
– Ya kulipa: makumbusho ndani ya ngome na safari ya tembo. Kila moja haifiki euro 15 kwa mtu mzima.
– Garama kubwa: treni na usiku mmoja ao mbili wa hoteli. Hapo ndipo kununua mapema kunaokoa makuta. Watu wanne wakikodi nyumba ndogo yenye jiko wanaweza kulipa kidogo kuliko vyumba viwili vya hoteli, na mama anapika mwenyewe.
– Kuangalia kabla ya kuondoka: saa za kufungua makumbusho, ratiba ya treni, na siku za mgomo wa reli, sababu Ufaransa migomo inatangazwa mbele.

Kwa mzazi mzee, punguza: ngome na ukumbusho Jumamosi, soko na tembo Jumapili. Vingine si lazima.

Na ukirudi, majirani watauliza tena: « Uliona nini kule? » Aliyepita Nantes atakuwa na jibu lingine zaidi ya picha za sebule. Aliona majumba yaliyoinama, akainua macho, na juu ya mlango akaona uso unaofanana na wa kwao.